MLINZI WA USIKU ASIMULIA

Katika nchi ya Ujerumani upo mji mdogo uitwao Rothenburg ob der Tauber, uliozungukwa na ukuta wa mawe tangu zama za kale. Giza liingiapo, wageni hukusanyika katika uwanja wa soko kumngojea mtu mmoja mwenye joho jeusi, fanusi mkononi na shoka la mpini mrefu. Huyo ni "mlinzi wa usiku". Mlinzi wa kweli aliacha zamu mwaka 1920. Huyu wa leo huwaongoza watu vichochoroni na kuwasimulia mambo ya kale.

Huwaeleza jinsi walinzi walivyochunga moto na wezi, nao wakadharauliwa sawa na wachimba makaburi. Lakini kisa kinyamazishacho watu ni cha mwaka 1945. Tarehe 31 Machi ndege za Marekani ziliangusha mabomu. Watu wakafa, na upande wa mashariki ukateketea. Majeshi yalipokaribia, John McCloy, msaidizi wa waziri wa vita wa Marekani, ambaye mama yake aliupenda mji huo, alitaka mizinga isitumike. Askari sita wakatumwa na bendera nyeupe kudai mji usalimishwe. Amri ya Hitler ilikuwa kupigana hadi mwisho. Meja Thömmes, kamanda wa Wajerumani, hakuifuata, akawaondoa askari wake. Ni jambo zito kwa mwanajeshi kukaidi amri; lakini mama na watoto waliokuwa mle ndani wangemlaumu?

Ukuta ulijengwa upya kwa michango, na majina ya watoaji kutoka nchi nyingi yamo katika mawe yake.