Manga Ilinimanga

Swali ya kwanza niliulizwa kwa mbio haikutoka kwa marefa. Ilitoka kwa magokoro mmoja, nyanya wa hapo kijijini, alikuwa amekaa kando ya shamba yake, mboga za chinsaga zimejaa kikapu, anachambua moja moja. Alicheki baiki yangu kutoka taya hadi kiti, akarudi tena chini, kisha akaniangalia kwa macho.

"Mura, keria iko wapi?"

Nikamwambia haina keria.

"Sasa hiyo inabeba nini?"

Manze, ningejibu nini? Tulikuwa raundi ya kwanza, hata kilomita mbili haijaisha, na hiyo baiki haikuwa imenibeba hata mimi. Nilikuwa naisukuma. Nikamwambia ni ya mashindano. Akatingisha kichwa vile mtu hutingisha akiskia mtoto wa jirani ameacha shule, akarudia chinsaga zake.

Hii wazimu yote ililetwa na Kigali. Septemba 2025 Rwanda ilipangisha mbio za dunia za baiskeli za barabarani, mara ya kwanza zije Afrika, na mbogi yetu ilikuwa imejaa kwa fundi wa baiskeli pale Keroka, simu moja, bando ya mtu mmoja, vichwa saba. Pogačar, yule bingwa wa Slovenia, akameza kilomita 267 za kupanda na kushuka kaa mtu ametumwa chumvi. Msee mmoja akasema, "Lakini si hizo milima ni kaa za kwetu tu?" Fundi akacheka, lakini hiyo sentensi haikulala. Haikupita muda, wasee wa baiki wa Kisii na wale wa Nyamira wakaamua tupatane Manga tuchape krosi kantri. Raundi nne, kila moja kaa kilomita tano hivi. Kuingia soo mbili, na hiyo doo ni ya soda na chapo. Zawadi ni heshima, yaani hakuna zawadi.

Ka hujui krosi kantri, si ile ya kutoka Keroka ufike Sotik. Ni mzunguko mmoja, mnaurudia hadi raundi ziishe, na lami haitakikani. Iko Olimpiki tangu Atlanta 1996. Wale wakubwa wako na sheria moja katili sana: unachukua taim ya kinara kwa raundi ya kwanza, na ukiachwa na asilimia 80 ya hiyo taim, unatolewa. Tuseme kinara amepiga raundi na dakika 20. Ukiwa nyuma yake dakika 16, unaambiwa asante, nenda nyumbani. Tulikubaliana Manga hiyo sheria isitumike. Mpaka leo nashuku walikuwa wananifikiria mimi.

Sasa Manga yenyewe. Ukiwa tao Kisii ukiinua macho upande wa Nyamira, ule ukuta wa mawe na miti umesimama hapo ndio yenyewe. Anga ikiwa safi, ukiwa juu unaona hadi upande wa Ziwa Victoria. Watu huenda huko kupiga picha na madem wao, hakuna mtu huenda huko kutafuta pumzi. Tao Kisii yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hapo ndio chini. Na kwa Sheng, kumanga ni kukula. Sijui mbona hakuna mtu alinikumbusha mapema.

Ilibidi turauke ngware. Mtu wa Gusii anajua hii bila kufunzwa: asubuhi jua, mchana upepo wa kutoka ziwani unapanda hizi milima na maji yake, ikifika saa tisa hivi mawingu yanafungua, saa zingine na mawe juu. Kwa hivyo saa mbili asubuhi tulikuwa kwa laini. Lakini mvua ya jana yake ilikuwa imeshafanya kazi. Ule udongo mwekundu wetu, wenye unafanya chai na ndizi zikubali hivi, ukilowa unakuwa kaa sabuni imechanganywa na gundi. Chini ya kiatu unateleza. Kwa taya unashika.

Kwa luku nilikuwa juu, siwezi danganya. Nilidunga helmeti ya mtumba, glavu za kukatwa vidole, kaptula ya kubana yenye mathe alisema nisipite nayo mbele ya kanisa. Baiki ni mtumba pia, gurudumu inchi 26, shoki za mbele ziko lakini zimeshachoka na maisha. Kando yangu kulikuwa na msee wa Suneka na ile inchi 29 ya diski, ananyonya maji kwa mfereji umetoka mgongoni. Upande ule mwingine, jamaa wa kubeba ndizi na baiki ya Black Mamba. Hana gia. Ametoa keria usiku, unaona rangi mpya penye ilikuwa imeshika. Usijipange kuskia ati huyo wa Mamba ndio alitushinda, hizo ni za sinema. Alimaliza katikati tu, na akalia vile sisi wote tulilia.

Wacha niwaambie kitu moja kuhusu kukimbiza baiki Gusii, ju sijaiskia ikisemwa. Kwingine krosi kantri inapita msituni. Ukishindwa, unashindwa na nyani. Huku msitu ni wapi? Sensa ya 2019 ilipata Kisii watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na ni mashambani hapo, sio gorofa. Kwa hivyo njia yetu ilikuwa vile vijia vya kati ya majani chai, nyuma ya choo ya mtu, kando ya boma, chini ya migomba, hadi kwa kisima na urudi. Kila kona kuna mtu. Mtoto, mbuzi, mama ako na jembe, mzee na redio. Huku huwezi sota pekee yako. Ukishuka usukume, unasukuma mbele ya kijiji nzima, na kila mtu ako na maoni.

"Genda! Genda!" watoto wanapiga nduru, wanakimbia kando yangu na gamboti, mmoja anakula muwa na bado ananipita. Raundi ya pili, pale penye mlima unasimama kaa ngazi, kulikuwa na mzee amejiegemeza kwa fimbo. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, hapa ni kwa kina Temu. Temu hakuwa na magurudumu."

Huyo mzee alinimaliza kuliko ule mlima. Ju ni ukweli. Naftali Temu, mtoto wa hizi milima, ndio aliletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico 1968. Kabla yake Nyantika Maiyoro alikuwa ameshafika Olimpiki ya Melbourne 1956. Baadaye Yobes Ondieki akaenda Oslo 1993 akakuwa mtu wa kwanza duniani kumaliza hizo mita 10,000 chini ya dakika 27. Huku mtu akikuona unapanda mlima pole pole anaona ni kuchagua umechagua. Nikamjibu, "Ee, mzee," nikaendelea kusukuma.

Kushuka ndio ilikuwa dawa. Unarudisha mwili nyuma ya kiti hadi tumbo inakigusa, viwiko vimelegea, breki ya nyuma unaifinya na ya mbele unaibembeleza tu, ju ukiinyonga pekee yake utaruka usukani uende kusalimia majani chai. Kwa hizo sekunde kadhaa nilikuwa msee mwingine kabisa. Upepo, migomba inapita, machozi yanatoka bila sababu. Kisha chini kabisa, penye maji inakata njia, gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka.

Matope. Ilikuwa imejaa kati ya taya na fremu, bloku za breki hazionekani, cheni imegeuka kamba ya udongo. Nikavunja kijiti, nikaanza kuchokoa. Unatoa kipande, ndani kuna majani, chini ya majani kuna udongo mwingine umekauka kaa tofali. Msee wa Suneka akanipita hapo akiwa raundi mbele yangu. Hakunicheka, na hiyo iliniuma zaidi.

Pancha nayo ilikuwa ya kujitakia. Asubuhi nilikuwa nimetoa upepo kidogo kwa taya ndio zishike vizuri kwa utelezi, na hiyo ni akili, kila mtu wa milima hufanya. Mimi nilitoa kidogo mara tatu. Raundi ya tatu nikagonga jiwe, rimu ikafinya tubu, pssss. Mashimo mbili, sambamba, kaa meno ya nyoka. Olimpiki ya Paris 2024 Mwingereza Tom Pidcock alipata pancha kwa hii hii mbio ya mlima, akabadilishiwa gurudumu, akakimbiza hadi akampita Mfaransa Koretzky raundi ya mwisho, akabeba dhahabu. Mimi sikuwa na mtu wa gurudumu. Nilikuwa na solusheni, kipande ya tubu ya kitambo, na hadhira ya watoto kumi na moja. Mmoja wao, hata darasa la tano sidhani amefika, akaninyang'anya msasa, "Husugui vizuri," akaisugua, akapaka, akapuliza, akabandika. Fundi wa kuzaliwa.

Nilimaliza. Wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho ni jamaa cheni yake ilikatika akamalizia na miguu, baiki kwa bega, na ukiniuliza yeye ndio alikuwa ametii ule ushauri wa mzee. Wa Suneka alikuwa ameshaoga. Chapo zilikuwa zimebaki mbili. Nilimanga zote bila aibu.

Saa nane, mawingu yameanza kujikusanya kule upande wa ziwa, nikashika njia ya nyumbani na kile kijia cha asubuhi. Magokoro alikuwa bado hapo. Chinsaga zimeisha, kikapu iko tupu, lakini kando ya mguu wake kulikuwa na mkungu wa ndizi umekatwa, bado unatoa maji.

"Mura, unashuka hadi barabarani?"

"Ee, magokoro."

"Kuna mtu wa soko ananingoja huko chini." Akaangalia tena pale nyuma ya kiti penye keria inafaa kuwa. Akaguna. Akaingia nyumba, akatoka na kamba ya mpira wa tubu, na tukaanza kufunga ule mkungu kwa usukani, yeye akinifundisha fundo.