Corvette: Miaka 60 ya kusubiri injini ihamie nyuma

Mnamo Julai 2019, mjini Tustin, California, kampuni ya General Motors ilizindua kizazi cha nane cha gari lake la spoti, Chevrolet Corvette. Kwa mara ya kwanza katika Corvette za kuuzwa kwa umma, injini ilikuwa nyuma ya viti badala ya kuwa mbele, chini ya boneti. Mhandisi aliyelipigania badiliko hilo tangu mwanzo, Zora Arkus-Duntov, alikuwa amefariki dunia mwaka 1996.

Historia ya gari hilo ni ya mvutano wa muda mrefu: wahandisi waliotaka kushindana na magari ya Ulaya kwa upande mmoja, na wakuu wa kampuni waliotazama kwanza hesabu za mauzo kwa upande wa pili.

Mwanzo wa mashaka

Corvette ya kwanza, iliyobuniwa chini ya msanifu Harley Earl, ilionyeshwa New York Januari 1953. Mwezi Juni uundaji ukaanza mjini Flint, Michigan. Mwaka huo yaliundwa magari 300 tu, yote meupe, na bodi zake zilikuwa za faibaglasi badala ya bati.

Sura ilivutia, lakini mwendo haukulingana nayo. Injini ilikuwa ya silinda 6 yenye nguvu za farasi 150, na giaboksi ya otomatiki ilikuwa na gia mbili tu. Magari mengi ya mwaka 1954 yalikosa wanunuzi, na mwaka 1955 yaliundwa 700 pekee, huku mpinzani wake mpya, Ford Thunderbird, akiuza zaidi ya 16,000.

Mambo mawili yaliinusuru Corvette. La kwanza ni injini ya V8, yaani yenye silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, iliyoanza kufungwa mwaka 1955. La pili ni Duntov mwenyewe. Alizaliwa Brussels mwaka 1909 na wazazi wa Kirusi, akakulia Urusi na kusomea uhandisi Berlin, kisha akaikimbia Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alijiunga na General Motors mwaka 1953, baada ya kuiona Corvette katika maonyesho ya New York.

Umaarufu na misukosuko

Kizazi cha pili, kilichoitwa Sting Ray, kilitoka kwa mwaka 1963. Kila gurudumu la nyuma sasa lilicheza peke yake, hivyo tairi zilishika barabara vizuri zaidi kwenye kona. Kioo chake cha nyuma kiligawanywa na mhimili katikati. Duntov aliupinga kwa kuwa ulimziba dereva, na mwaka uliofuata ukaondolewa.

Kizazi cha tatu kilidumu kuanzia mwaka 1968 hadi 1982, na kilipata misukosuko mikubwa. Sheria za kupunguza moshi wa magari zilikazwa, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla. Kufikia mwaka 1975 injini ya kawaida ilibaki na nguvu za farasi 165, ingawa kipimo nacho kilikuwa kimebadilishwa na kuwa kikali zaidi. Ajabu ni kwamba mauzo hayakuanguka: mwaka 1979 yaliundwa magari zaidi ya 53,000, rekodi ya Corvette.

Hapo ndipo ilipo siri ya kuchelewa. Duntov alitengeneza gari la majaribio lenye injini nyuma ya dereva mapema mwaka 1960. Hoja yake ilikuwa nyepesi: uzito ukikaa karibu na magurudumu yanayosukuma gari, tairi hazitelezi ovyo wakati wa kuondoka, na pua ikiwa nyepesi gari hugeuka upesi. Lakini kubadili mpangilio huo kulihitaji fedha nyingi, na gari lenye injini mbele lilikuwa likinunuliwa. Duntov alistaafu mwaka 1975 bila ndoto yake kutimia.

Vizazi vilivyofuata vilitafuta njia ya kati. Kizazi cha tano, cha mwaka 1997, kilihamishia giaboksi nyuma ili kusawazisha uzito. Kufikia kizazi cha saba, cha mwaka 2014, nguvu zilikuwa zimefika farasi 455, na wahandisi waliona kwamba kuongeza nguvu zaidi bila kuihamisha injini kungeyashinda magurudumu ya nyuma.

Usukani wa kulia

Kizazi cha nane kilileta jambo jingine jipya. Kwa mara ya kwanza Corvette iliundwa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, kwa ajili ya nchi zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara kama Uingereza, Japan na Australia. Kenya, Uganda na Tanzania nazo huendesha upande huo.

Toleo la E-Ray, la mwaka 2024, limeongeza mota ya umeme inayosukuma magurudumu ya mbele, na hivyo kuwa Corvette ya kwanza inayosukumwa na magurudumu yote manne.

Magari hayo yanaundwa Bowling Green, Kentucky. Majivu ya Duntov yamehifadhiwa katika mji huohuo, ndani ya jumba la makumbusho la Corvette.