Mtoto akisema "mifupa inauma", muamini

Usiku wa Juni na Julai, baridi inapoingia Tabora, kuna nyumba ambazo mzazi halali. Mtoto analia miguu, mgongo au kifua, na wala hakuanguka. Asubuhi anacheza na wenzake, wiki ijayo analia tena. Jirani mmoja atasema anadeka, mwingine atasema amerogwa.

Kwa baadhi ya watoto hao, sababu iko kwenye damu. Ni selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na mfupa ukakosa hewa. Hapo ndipo maumivu huanza. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka.

Mtoto huurithi kwa baba na mama, si kwa mama peke yake. Wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vyake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Habari njema ni kwamba maumivu haya hupungua. Utafiti wa REACH ulihusisha watoto zaidi ya 600 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Kabla ya kutumia dawa ya haidroksiurea, yalihesabiwa matukio ya maumivu makali 98 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Baada ya dawa yakashuka hadi 45. Malaria nayo ilipungua kwa takriban nusu. Dawa hii hunywewa kila siku na huhitaji kupima damu mara kwa mara, hivyo usiinunue bila daktari.

Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kwa kawaida huhitajika ndugu wa tumbo moja anayeoana naye, kwa hiyo si kila mtoto atapata.

Nyumbani, fanya haya:
- Mpe maji mara kwa mara, hasa joto la Oktoba, na shuleni aende na chupa yake.
- Mvalishe nguo nzito kipupwe, na asioge maji ya baridi.
- Alale kwenye chandarua kila siku.
- Maumivu yakianza, mpe parasetamo kulingana na uzito wake, mkande kwa kitambaa cha uvuguvugu. Usitumie barafu wala kumpa aspirini.
- Msimulie hadithi, mwimbie. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020 kuhusu maumivu sugu ya watoto, linashauri dawa, mazoezi na msaada wa kisaikolojia viende pamoja.

Mpeleke hospitali haraka akiwa na homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea.

Mzazi wa Kipalapala, kama mtoto wako hulia mifupa mara kwa mara, anzia zahanati na uulize kipimo cha selimundu. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Kitete, mjini Tabora. Asiyepimwa hutibiwa malaria kila mara, na maumivu hubaki palepale.