Lumbesa ya Mgeta: mkataba bila mizani ni hasara

MOROGORO: Viazi mviringo, karoti, kabichi na njegere za Mgeta, magharibi mwa Milima ya Uluguru, huishia kwa wingi katika masoko ya Dar es Salaam. Biashara nyingi hufungwa kwa maneno tu gulioni Nyandira, na wapo wanaodhani kuwa bila karatasi hakuna mkataba. Si kweli.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, mapatano huwa mkataba iwapo wahusika wana umri na akili timamu, wameridhia kwa hiari, kila upande unatoa kitu, na lengo ni halali. Hivyo mchuuzi akitaja bei, mkulima akakubali na arbuni ikapokelewa, atakayegeuka anaweza kudaiwa fidia.

Kasoro iko kwenye sharti la mwisho. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu, inavunja sheria hiyo. Anayekwenda mahakamani na mapatano ya namna hiyo anaweza kuambiwa ni batili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa mfano, gunia la sh. 60,000 lenye kilo 100 ni sh. 600 kwa kilo. Likishindiliwa hadi kilo 140, bei hushuka hadi sh. 429 hivi. Mkulima amegawa bure mzigo wa sh. 24,000.

Aidha, umiliki ukishahamia kwa mnunuzi, hasara ya lori kukwama kwenye matope ni yake, isipokuwa wamepatana vingine. Ni busara kuandika daftarini uzito, bei na mahali mzigo unapobadili mikono.

Hata hivyo, sheria haimalizi kila kitu. Mkulima ambaye karoti zinamnyaukia hukubali lumbesa kwa kukosa pa kuzipeleka. Kisheria, dhiki peke yake si shuruti. Maadili ndiyo yanayouliza: je, angekubali kama mizani ingekuwepo?

Swali hilo linamhusu mchuuzi pia. Anayepima haki hupata faida ndogo kwa gunia, lakini hujijengea jina, na mali ikiadimika, jina hilo ndilo mtaji. Mizani ya kuning'iniza ni kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya kukodi lori.