Mto Nairobi na Kanuni za Kanjo: Vikundi Vyetu Vijue Nini?

Kuna swali moja linalorudi kila tunapokaa na vikundi vya Majengo: huu mto unaopita pale chini Gikomba ni wa nani, na ni nani wa kuulinda? Wengi hujibu, "Hiyo ni kazi ya kanjo." Ni kweli, lakini si yote. Hebu tuelezane.

MTO UNA WENYEWE WENGI
Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Unapita katikati ya jiji, unatufikia sisi, unaingia Mto Athi, na mwisho unamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Taka tunayotupa Majengo inaweza kumfikia mvuvi wa pwani.

Kando ya mto palipoachwa huota matete, mianzi na mikuyu. Mizizi hushika udongo usimomonyoke. Vyura hukaa hapo wakila wadudu, ndege hujenga viota, nyuki hupata maua. Tukifyeka na kujaza kifusi, hao wote wanakwenda, na maji yanakosa pa kupumzikia. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha, hasa wenzetu wa Mathare waliopoteza watu na nyumba.

KANJO NI NANI SIKU HIZI?
Baraza la Jiji la zamani lilikwisha mwaka 2013. Kazi zake zilichukuliwa na Serikali ya Kaunti, na badala ya diwani tuna mwakilishi wa wadi. Katiba ya 2010 inaipa kaunti kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, kuzoa taka na kutunza bustani za umma. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Kila mtu, hata mpangaji wa chumba kimoja.

KANUNI TATU ZA KUKUMBUKA
1. Kando ya mto. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kulima au kujenga karibu na mto. Nafasi ya kuachwa ni kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka pale maji yalipofika wakati wa mafuriko makubwa kabisa.

2. Ruhusa ya kujenga. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayetaka kujenga aombe ruhusa ya kaunti na kuwatangazia wananchi, ili mwenye pingamizi alitoe. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ndani ya siku 14.

3. Kamati ya Mazingira ya Kaunti. Sheria ya Mazingira ya 1999, iliyorekebishwa 2015, inataka kila kaunti iwe na kamati hii, na iwe na mpango wa mazingira kila miaka 5.

Kanuni zikifuatwa, zinafanya kazi. City Park kule Parklands, msitu wa asili wenye kima na ndege wengi, imelindwa tangu 2009 chini ya sheria ya turathi za taifa. Zisipofuatwa, ardhi ya umma inaliwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya namna hiyo ilivyogawiwa watu binafsi.

LAKINI JAMANI, NA WANAOISHI KANDO YA MTO?
Hapa ndipo pagumu. Kanuni ileile inayomzuia tajiri kumwaga kifusi ndiyo inayoleta tingatinga kwa mama mwenye kibanda. Hatusemi watu wabaki njia ya mafuriko. Huko ni kuhatarisha watoto. Tunasema utaratibu ufuatwe. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inadai notisi ya miezi 3 kabla ya kuwahamisha watu kutoka ardhi ya umma. Tukiujua mto na haki zetu pamoja, hatutagombanishwa na mto wetu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?
- Tembeeni kando ya mto pamoja, mwandike mnachokiona: miti, ndege, mabomba ya maji machafu, kifusi kipya. Wekeni tarehe.
- Mkiona ujenzi, ulizeni kama una ruhusa. Malalamiko myaandike, mbaki na nakala iliyopigwa mhuri. Maneno ya mdomo hupotea.
- Kikao cha maoni ya wananchi kikiitwa, pelekeni watu wenu, vijana na akina mama wakiwemo. Bajeti ya wadi hujadiliwa hapo.
- Kabla ya kupanda miti, ongeeni na ofisi ya kaunti. Pandeni ya asili, na mpangane nani atamwagilia. Mche usio na mwenyewe hufa kiangazi cha kwanza.

MASWALI YA KUJADILI
1. Zamani kando ya mto wetu palikuwa na nini ambacho leo hakipo?
2. Taka za ploti yetu zinaishia wapi?
3. Kama majirani wetu watatakiwa kuhama, tutawasaidiaje?

Haba na haba hujaza kibaba. Tukutane mtoni.