Kijana wa Temeke Atembea Berlin

Tuseme mtoto wa jirani yako wa Temeke amepata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani. Anakaa Potsdam, mji ulio karibu na Berlin. Siku za juma anasoma. Jumamosi hana masomo. Wenzake wanamwambia, "Twende Berlin tukaone mambo ya kale." Asubuhi wanapanda treni. Jioni watarudi.

Huenda utauliza, "Mambo ya kale ya Wazungu yananihusu nini mimi?" Swali lako ni zuri. Hebu tufuatane na kijana huyu siku moja. Jibu tutalipata njiani.

Jumba lililogawa Afrika

Kwanza kijana anakwenda katika mtaa uitwao Wilhelmstrasse. Zamani hapo palikuwa na jumba la Bismarck, kiongozi wa serikali ya Ujerumani. Jumba lenyewe halipo tena. Kilichopo ni bango lenye maelezo. Kijana anasimama, anasoma.

Mkutano ulianza katika jumba hilo tarehe 15 Novemba 1884. Ulimalizika tarehe 26 Februari 1885. Wajumbe walitoka katika nchi 14. Walikubaliana masharti ya kuchukua nchi za Afrika. Hakualikwa Mwafrika hata mmoja.

Wakati wajumbe wakikaa Berlin, Mjerumani mmoja alikuwa huku kwetu. Jina lake Carl Peters. Alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akiwa na karatasi mkononi. Novemba 1884 alifika Msovero kwa Chifu Mangungo. Chifu akatia alama yake kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani. Mangungo hakuweza kuisoma. Kumbe ilisema kwamba ametoa nchi yake.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano kwisha, Mfalme wa Ujerumani aliipa kampuni ya Peters hati ya kulinda nchi hizo. Ndiyo sababu mpaka leo watu wetu wakiona mapatano mabaya husema, "Huu ni mkataba wa Mangungo."

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Mtu akikuletea karatasi utie sahihi au dole gumba, usione haya kumwambia, "Subiri kwanza, niisome." Ikiwa lugha huijui, mtafute anayeijua na unayemwamini, akusomee.

Mjusi mkubwa kutoka Lindi

Kutoka hapo kijana anakwenda kwenye jumba la makumbusho ya viumbe. Akiingia ukumbi mkubwa anashtuka. Mbele yake umesimama mjusi wa mifupa mitupu. Kimo chake kinapita mita 13. Ukiweka twiga mmoja juu ya mwingine, bado mjusi huyo atawazidi.

Mnyama huyo ni wa aina iitwayo dinosaria. Wanyama hao waliishi kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Wakati huo binadamu hakuwako duniani.

Kijana anasoma kibao kuona mifupa ilitoka wapi. Kimeandikwa: Tendaguru. Moyo unamwenda mbio. Tendaguru ni kilima katika Mkoa wa Lindi. Watu wengi wa Temeke wazazi wao walitoka Lindi na Mtwara. Babu wa kijana huyu naye alitoka huko.

Mifupa ilifikaje Ulaya? Vita vya Maji Maji vilikwisha mwaka 1907. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1909, wataalamu wa Kijerumani walianza kuchimba Tendaguru. Walichimba mpaka mwaka 1913. Waliofanya kazi ya jembe na sururu ni watu wetu, mamia kwa mamia. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani.

Hapakuwa na gari wala reli. Wapagazi waliibeba mifupa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mzigo wote ulizidi tani 200. Kutoka Lindi ulipakiwa melini. Mjusi mkubwa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na mpaka leo watu wa dunia nzima huenda kumtazama.

Wapo Watanzania wanaosema mifupa irudi nyumbani. Wapo wanaosema ibaki huko, lakini nchi yetu isaidiwe kuchimba na kutunza mingine, na Lindi ipate faida. Wewe unaonaje? Kabla ya kujibu, wakumbuke wapagazi wale. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Barabara zenye majina mapya

Mchana kijana anakwenda sehemu nyingine ya mji. Hapo kuna mitaa yenye majina ya Afrika. Upo Mtaa wa Tanga, upo na Mtaa wa Zanzibar. Barabara moja mwaka 1939 ilipewa jina la Carl Peters, yule wa karatasi. Huku kwetu watu walimwita "Mkono wa Damu." Mwaka 2024 jina la Peters liliondolewa kwenye barabara hiyo. Sehemu yake moja sasa inaitwa Barabara ya Maji Maji.

Katika vita hivyo watu wetu wengi mno walikufa. Wengine walikufa kwa risasi. Wengi zaidi walikufa kwa njaa, maana majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha.

Mtaa mwingine Berlin uliitwa Wissmann, jina la mkuu wa jeshi aliyepigana na Abushiri huko pwani. Tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy Lameck. Mama huyu alizaliwa Moshi mwaka 1934. Alijiunga na TANU, akaingia Bungeni, akawa mwanamke wa kwanza katika serikali yetu kufika ngazi ya uwaziri. Yeye pia alikuwa mwanafunzi Ulaya, katika Chuo cha Ruskin, Oxford, Uingereza.

Jioni ndani ya treni

Jua linatua. Kijana amekaa dirishani, anawaza. Amevuka bahari, na siku nzima amesoma habari za kwao. Anajiuliza, "Je, nyumbani Dar es Salaam nimeona nini?"

Anakumbuka kwamba hajafika Magomeni kuona nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere wakati wa kudai uhuru, ingawa ni makumbusho na ni mwendo wa daladala tu. Mwalimu naye alisoma Ulaya, huko Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952. Kijana hajaingia Kijiji cha Makumbusho, Kinondoni, penye nyumba za jadi za makabila yetu. Hajafika Kunduchi penye magofu ya msikiti wa kale, na makaburi ya mawe yaliyopachikwa sahani za Kichina. Wala hajafika Mbuamaji, ambayo zamani ilikuwa Temeke na sasa iko Kigamboni.

Sahani nyingi za Kunduchi zimekwisha kubanduliwa. Zimebaki alama za mviringo ukutani. Jiwe likivunjwa halisemi tena. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza mtu kuchimba mahali pa kale bila kibali. Lakini sheria haiwezi kulala pale usiku na mchana. Mlinzi wa kwanza ni mwananchi anayekaa jirani.

Nawe kijijini kwako fanya hivi

Kwanza, waulize wazee. Wapi palikuwa na boma la zamani? Nani walipigana Maji Maji? Nani walibeba mizigo ya wakoloni?

Pili, andika majibu katika daftari. Andika jina la mzee, jina la mahali na tarehe. Mzee akifariki, daftari litabaki.

Tatu, ukiokota mfupa au chombo cha kale, usikiuze wala usikivunje. Toa habari kwa serikali ya kijiji.

Nne, wapeleke watoto wakaone mahali pa kale palipo karibu. Safari ya siku moja kwa miguu yatosha.

Hili ndilo jibu la lile swali letu la mwanzo. Historia yetu nyingine iko Berlin, wengine wanaitunza na kuisimulia. Nyingine iko hapa nyumbani, na hiyo inatungoja sisi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Chifu Mangungo alitia alama kwenye karatasi ya Peters?
2. Mifupa ya Tendaguru irudi au ibaki? Toa sababu.
3. Mahali gani pa kale pako karibu na kijiji chenu? Nani anapatunza?