Gamondi Alipigwa Chini Kihalali?

Oya, Dom ni mji wa tenguzi. Sisi hapa mtu akipoteza kiti hatushtuki. Leo jirani yako ni bosi, gari la serikali linamsubiri getini, dereva kafunga tai. Kesho mkeka umetoka usiku, uteuzi umetenguliwa, na wikiendi unakutana naye soko la Majengo anachambua nyanya kama wewe na mimi. Tunasalimiana, shikamoo zinaendelea, maisha yanasonga. Hakuna anayekaa kijiweni kuuliza kama mzee alistahili.

Ila gusa kocha uone. Kuanzia Makole mpaka mabweni ya UDOM kila mtu anageuka wakili, na kesi ambayo haijawahi kufungwa ni ya Miguel Gamondi. Yanga walimpa thenkyu tarehe 15 Novemba 2024, yeye na msaidizi wake Moussa N'daw, na mpaka leo ukiitaja kwenye kahawa lazima mtu anyanyuke na kiti chake.

Niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki: mimi ni Mnyama. Sina shobo na Utopolo. Habari ilipotua siku ile tulipigiana simu kama tumechukua kombe, maana yule jamaa alikuwa katunyoosha kinoma. Sasa mtu wa Simba akikwambia Gamondi alionewa, jua kitu kimemgusa kweli.

Muargentina alitua Jangwani katikati ya 2023 kumrithi Nasreddine Nabi, aliyekuwa ametoka kuifikisha timu fainali ya Shirikisho Afrika. Kurithi mtu wa hivyo ni msala. Novemba 5 mwaka uleule akatupiga tano-moja kwa Mkapa, na hapo naomba tupite haraka. Msimu ukaisha na ubingwa wa ligi kwa pointi 80, Kombe la Shirikisho la nyumbani juu yake, na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa timu ambayo haikuwa imeonja hata makundi tangu 1998. Mamelodi waliwatoa kwa penalti baada ya sifuri-sifuri mbili na lile goli la Aziz Ki lililokataliwa, ambalo watu wa Yanga watalidai mpaka kiama. Kwa hilo hata mimi nipo upande wao, ila msiwaambie.

Msimu uliofuata ndo akachachamaa. Ngao ya Jamii kabeba. Mechi nne za mchujo wa Afrika, dhidi ya Vital'O ya Burundi na CBE ya Ethiopia, wametupia 17 na hawajafungwa hata moja. Ligi wakashinda nane mfululizo, nyavu hazijatikiswa, na humo ndani kuna ile ya Oktoba 19 waliyotupiga kwa goli tulilojifunga wenyewe. Dabi nne mfululizo anatulaza na viatu.

Halafu Novemba 2 wakapigwa na Azam moja-bila, beki wao Bacca kala nyekundu mapema kabisa. Novemba 7 wakapigwa na Tabora United tatu-moja. Siku nane baadaye, thenkyu. Yaani kutoka kumfunga Simba mpaka kubeba mabegi, mwezi haukuisha.

Kuna mshkaji wangu bodaboda, Yanga wa kuzaliwa, yeye anasema kilikuwa kitendo cha haki kabisa, na hoja yake si ya kitoto. "Mwanangu, jamaa hakufukuzwa kwa zile mbili alizofungwa. Kafukuzwa kwa zile nane alizoshinda." Nikamwambia aeleze. Akahesabu kwa vidole, helmeti ipo kwapani: KenGold moja-bila, KMC moja-bila, Simba moja-bila, Coastal moja-bila, Singida moja-bila. Mechi tano kati ya nane, timu yenye mafowadi wa bei ile, goli moja moja kama wanapewa kwa kibali. Kwa yeye, moto ulikuwa unazimika kitambo, Azam na Tabora walikuja kumwagia maji tu.

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu ni kweli. Ila nikamrudisha kwenye kalenda. Kuanzia dabi ya Oktoba 19 mpaka Tabora ya Novemba 7, Yanga walicheza mechi sita ndani ya siku 20. Dar, Arusha, Zanzibar, rudi Dar. Bacca mwenyewe hakuwepo kwenye ya mwisho kwa ile kadi. Miguu ikichoka, hata Guardiola anakaa. Uongozi ulioujua huo mzigo ulikuwa na njia nyingi za kukaa na mtu mezani kabla ya kupandisha picha yake mtandaoni na maandishi ya kwaheri.

"Na ubingwa je?" akanigeuzia. Hapo ndo wanapokimbilia wote. Maana baada ya Gamondi akaja Sead Ramovic, akaanza makundi ya Afrika kwa kupigwa mbili-bila na Al Hilal nyumbani, tena mbili-bila na MC Alger ugenini, timu ikaishia makundi. Februari 2025 Ramovic akapata mchongo Algeria, akasepa mwenyewe. Yanga wakavuta Miloud Hamdi kutoka Singida Black Stars, na Hamdi akabeba ubingwa, tena kwa kutufunga mbili-bila Juni 25. Kwa hiyo, mshkaji anasema, mabosi walikuwa sahihi.

Hesabu hiyo mimi siikubali. Ukibeti timu usiyoijua hata jezi yake, mkeka ukatiki, hela ni yako, kula bata. Ila usije ukatuambia ulifanya uchambuzi. Uamuzi wa kumtimua mtu unapimwa kwa kilichokuwa mezani siku ile, na siku ile mezani kulikuwa na pointi 24 katika mechi kumi, tiketi ya makundi ya Afrika mkononi, na vipigo viwili vya wiki moja. Nje ya hapo kulikuwa na kelele za mashabiki. Kelele zetu sisi, tena. Wa Simba ndo tulikuwa tunapiga zaidi.

Masela wa basketi pale chuo wao hii kesi wanaijua kwa jina lingine. Hasheem Thabeet, kabla Memphis Grizzlies hawajamchukua wa pili kwenye uteuzi wa NBA mwaka 2009, alikuwa anachezea chuo cha Connecticut, UConn. Baadaye chuo hichohicho kikaja kuwa na kocha anaitwa Kevin Ollie, mtoto wa nyumbani, alishawahi kuchezea timu hiyo enzi zake. Mwaka 2014 akawapa ubingwa wa vyuo vya Marekani nzima. Halafu upepo ukageuka: msimu wa 2016/17 ushindi 16, vipigo 17. Uliofuata 14 kwa 18. Machi 2018 wakamtema, na mkataba wake bado ulikuwa na zaidi ya dola milioni 10 ndani.

Chuo kikasema hakilipi, kwa sababu amevunja kanuni za NCAA, na kweli NCAA ilikuja kumwadhibu. Ollie akakaza. Kesi ikaenda kwa msuluhishi, na Januari 2022 msuluhishi akaamua alipwe zaidi ya dola milioni 11. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya bilioni 25, wanangu. Na utamu wa stori ni huu: kocha aliyemrithi, Dan Hurley, alibeba ubingwa 2023 na 2024 mfululizo. UConn walipatia kwa mpya na wakamkosea wa zamani, vyote viwili kwa mpigo.

Kwa mpira wa Ollie, mimi ningemtoa. Misimu miwili ya kupoteza zaidi ya kushinda, chuo chenye jina lile, hapana. Ila kumtoa mtu ni kitu kimoja, kumbania chake ni kingine, na Bongo tunavichanganya kila siku.

Wapo ambao wala hawana mjadala. Luc Eymael, Yanga, Julai 2020: aliwatukana mashabiki kwa maneno ya kibaguzi, wakamfurusha chapchap. Pale hukusikia mtu anahesabu pointi. Robertinho wetu yeye ni katikati. Tulimtimua siku mbili baada ya zile tano za Yanga, wakati kwenye ligi msimu ule alikuwa hajapoteza mechi mpaka siku hiyo, na miezi michache nyuma alikuwa katufikisha robo fainali Afrika na kutolewa na Wydad kwa penalti. Mpira wake ulikuwa wa kubahatisha, nakiri, nilikuwa naangalia nimeshika kichwa. Ningemtoa mwisho wa msimu. Kumtoa kwa hasira za Jumapili kulitufikisha wapi? Nafasi ya tatu.

Sasa rudi kwa Gamondi, maana alirudi karibu na kwetu. Kabla ya msimu wa 2025/26 Singida Black Stars wakamvuta. Hapo tu, unapita Bahi, unapita Manyoni, alizeti kulia na kushoto, upepo uleule unaotukausha midomo Dom. Singida nao si malaika, ndo walewale waliomtoa Patrick Aussems msimu mmoja nyuma. Lakini Septemba 2025 Gamondi akawapa Kombe la Kagame, wakaifunga Al Hilal ya Sudan mbili-moja fainali. Novemba TFF wakampa Taifa Stars kwa muda, na kule AFCON Morocco tukavuka makundi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda.

Kijiwe kizima kikalipuka: mnaona! Mtu wa watu! Yanga walizingua!

Hapo ndo mimi nikatulia, maana kile kiti hakikuwa wazi. Alikikalia Hemed Suleiman, Morocco kama tunavyomuita, mzawa. Alipewa timu Januari 2024, Adel Amrouche alipofungiwa na CAF katikati ya mashindano. Ndiye aliyetupeleka AFCON hii, ile siku Msuva alipowafunga Guinea kwa Mkapa, Novemba 19, 2024, siku nne baada ya Gamondi kutimuliwa. Agosti 2025 akatufikisha robo fainali ya CHAN. Wiki chache kabla ya AFCON, wakaachana naye. Tiketi kakata yeye, siti kakaa mwingine.

Na ukiangalia matokeo bila mzuka: Nigeria walitufunga mbili-moja, sare na Uganda, sare na Tunisia, halafu wenyeji wakatutoa moja-bila Januari 4. Tulivuka kwa pointi mbili, bila kushinda mechi hata moja. Nilishangilia mpaka sauti ikakata, sikatai. Ila kama pointi hizo mbili ni ushahidi kwamba Gamondi alionewa Yanga, basi ni ushahidi pia kwamba Hemed alistahili kuondolewa, na hilo hakuna mtu kijiweni aliye tayari kulisema kwa sauti. Gamondi alionewa Novemba 2024 kwa sababu za Novemba 2024. Hata angeishia kufundisha timu ya mtaa Nkuhungu, bado angekuwa kaonewa.

Nilimaliza hotuba yangu nikidhani nimewakalisha wote. Kumbe mshkaji wa bodaboda kahamia kwa Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, anataka kujua kwa nini Mecky Maxime hakuliwa kichwa Machi 2025, Simba walipotufunga sita-bila. Sisi watu wa Dom tuna hilo tatizo: Jumamosi Simba au Yanga, siku nyingine Jamhuri tunaililia timu ya jiji.

Nikamkumbusha. Februari basi la timu lilipata ajali Lindi, wanarudi kutoka kucheza na Namungo. Wachezaji waliumia, mechi na Simba ikasogezwa. Hiyo ndo ilikuja kuchezwa Machi. Wewe ungemfukuza kocha ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa anahesabu watu wake hospitali?

"Siku hizo mimi nilikuwa na mkeka," akasema. "Niliwapa Jiji sare."

Akavaa helmeti, akapata abiria wa Ihumwa, na kahawa yake nikalipa mimi, jero.